Matuta ya mpunga ya kale kwa basi: uende Ifugao, Yuanyang au Mu Cang Chai?

Wenzangu wanaopenda kusafiri na begi moja mgongoni huniuliza: kama nauli ya kufika Asia utaipata mara moja tu, uende kuona matuta ya mpunga ya wapi? Nami huwauliza kwanza: likizo yako inaangukia mwezi gani?

Nimekulia Mbarali, katika bonde la Usangu, ambako mpunga ndio ada ya shule, ndio mahari, ndio mazungumzo ya kila jioni. Mtu wa Mbarali anajua kwamba mpunga haukai shambani mwaka mzima. Hata hivyo safari yangu ya kwanza nilikwenda Mu Cang Chai, kaskazini mwa Vietnam, mwezi Novemba, nikifuata picha ya milima ya dhahabu niliyoitunza kwenye simu kwa miaka miwili. Nilikaa saa nane ndani ya basi kutoka Hanoi, kona juu ya kona, na niliposhuka nikakuta mabua na udongo mtupu. Wenyeji walishavuna zamani. Matuta yalikuwepo, na hata yakiwa matupu yana heshima yake, lakini sicho nilichokifuata. Iliniuma sana.

Baadaye nilirudi kwa wakati wake, kisha nikaenda Yuanyang nchini China na Ifugao nchini Ufilipino. Ninaandika kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua moja kati ya hizo tatu, apande mabasi ya kawaida pamoja na wenyeji, alale vijijini na atembee kwa miguu. Jatiluwih ya Bali siigusi hapa. Longji ya mkoa wa Guangxi pia naiacha, ingawa ni nzuri na iko karibu na mji wa Guilin, kwa sababu siku hizi hata gari la waya la kukupandisha mlimani lipo, na hiyo ni safari ya namna nyingine.

Kalenda kwanza

Jaruba la mlimani, yaani kishamba kimoja chenye kingo za kushika maji, hubadilika sura mara nne kwa mwaka: linakuwa maji, linakuwa kijani, linakuwa dhahabu, halafu linabaki udongo. Picha unazoziona zinaonyesha sura moja tu, na hazikuambii ilidumu wiki ngapi.

Yuanyang wanavuna mwezi Septemba, na baada ya hapo wanayajaza majaruba maji na kuyaacha hivyo msimu wote wa baridi, mpaka wapandikize Aprili na Mei. Kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Machi mlima mzima ni vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ifugao kwa ujumla wanapandikiza Januari na Februari. Kuanzia Aprili hadi Juni milima inakuwa kijani kibichi, na mavuno huanza mwishoni mwa Juni yakaendelea hadi Agosti. Mu Cang Chai wanategemea mvua za Mei na Juni kuingiza maji shambani, na ile rangi ya dhahabu ni ya wiki chache tu, katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia Novemba hadi Aprili hakuna utakachokiona zaidi ya nilichokiona mimi.

Mwenye likizo ya Desemba, basi, aende Yuanyang, asisumbuke kufikiria kwingine. Mwenye nafasi kati ya Pasaka na Juni, Ifugao. Mwenye Septemba pekee, Mu Cang Chai. Julai na Agosti sikushauri popote kati ya hapo kama una uwezo wa kusogeza tarehe, kwa kuwa ndio wakati wa mvua kubwa na barabara za milimani hufungwa na maporomoko bila taarifa.

Ifugao: matuta ya kutembea ndani yake

Mabasi ya Banaue huondoka Manila usiku na kufika alfajiri, safari ya saa tisa hadi kumi. Kiyoyozi cha mabasi hayo ni baridi ya Makete mwezi Juni. Sweta, soksi na kitenge viwe kwenye begi dogo unalokaa nalo, si kwenye buti, kwa maana buti halifunguliwi njiani.

Ukishuka Banaue utaelekezwa mahali pa kupigia picha juu ya mji. Pale ndipo panapoonekana matuta yaliyowahi kuchapwa kwenye noti za Ufilipino, na wengi hupiga picha, wakanywa chai, wakarudi Manila usiku uleule. Wasichojua ni kwamba UNESCO ilipoyaandika matuta ya Ufilipino kuwa urithi wa dunia mwaka 1995, sehemu ile haikuwamo. Yaliyoandikwa ni makundi matano: Batad, Bangaan, Mayoyao, Hungduan, na Nagacadan iliyoko Kiangan. Kuishia Banaue ni kuishia mlangoni.

Nenda Batad. Kutoka Banaue unapanda jeepney, yale magari ya abiria yaliyozaliwa kutokana na jeep za jeshi la Marekani zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Ni daladala kwa kila hali: haliondoki mpaka lijae, na vijana wanapanda juu ya keria. Linakupeleka hadi mgongo wa mlima, na kutoka hapo unashuka kwa miguu. Kisha njia inapinda na bonde lote linafunguka mbele yako, matuta yamezunguka nusu duara kama viti vya uwanja wa mpira, na kijiji kiko chini kabisa pale ambapo mpira ungechezwa.

Ukingo wa jaruba pale una upana wa nyayo mbili. Upande mmoja ni maji, upande wa pili ni ukuta wa mawe unaoshuka kupita kimo cha mtu. Siku yangu ya pili bibi mmoja alitokea mbele yangu kwenye ukingo huohuo, peku, amebeba kikapu cha konokono aliowaokota majarubani. Nilisimama, sikujua nimpishe vipi. Yeye wala hakusita. Aliingia ndani ya jaruba, maji yakamfika magotini, akapita katikati ya mistari ya mpunga bila kulaza hata shina moja, akapanda tena ukingoni nyuma yangu na kuendelea na safari yake.

Jioni nilimtumia baba picha. Akapiga simu palepale. "Pawatila inapitaje hapo, mwanangu?" Nikamwambia trekta dogo la mkono halipiti, baba, wanachabanga udongo kwa miguu, na tope wanalipandisha kwa koleo la mti. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hao ni wakulima."

Kinachoyashikilia matuta ya Ifugao hakiko kwenye matuta. Kiko juu yake, katika misitu ya ukoo inayoitwa muyong. Kila familia ina msitu wake juu ya majaruba yake, inakata kuni humo kwa kiasi na kupanda miti humohumo, kwa sababu msitu ndio unaoshika maji ya mvua na kuyaachia taratibu. Mpunga wao wa asili wanauita tinawon, yaani wa mara moja kwa mwaka. Ukimpata mwongozaji mzuri, mwambie akupeleke juu kwenye muyong kabla hajakupeleka kwenye maporomoko ya Tappiya, ingawa maporomoko nayo yanastahili jasho la kuyafikia.

Neno "kale" nalo linahitaji kusemwa kwa uangalifu. Kwa miaka mingi watoto wa Ufilipino walifundishwa shuleni kwamba matuta haya yana umri wa miaka 2,000. Mwanaakiolojia Stephen Acabado na wenzake wamechimba katika kijiji cha kale cha Kiangan, na wanachokipata kinaonyesha kwamba kilimo cha mpunga wa maji kilipanuka huko baada ya Wahispania kufika kisiwani Luzon, yaani karibu miaka 400 iliyopita, na kabla ya hapo watu walilima magimbi. Wapo wanaosikitika wakisikia hivyo. Mimi naona ni habari kubwa zaidi: watu walipanda juu milimani, mbali na mkono wa mkoloni, wakajijengea shamba hili lote kwa vizazi vichache. Nasi tunajua matuta ya kulazimishwa huishia wapi. Mwaka 1955 wananchi wa Uluguru waliyakataa matuta ya ngazi waliyoamriwa na serikali ya Mwingereza, yakazua ghasia, na mradi ukafa. Ya Ifugao hakuamriwa mtu.

Hata hivyo yamewahi kuwa hatarini. Mwaka 2001 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa kuwa mengi yalikuwa yameachwa na vijana wamehamia mijini. Yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2012. Utaona bado kuta zilizobomoka na majaruba yaliyoota majani. Mchukue mwongozaji wa Batad mwenyewe, si wa kuja naye kutoka mjini, maana mvua ikinyesha kingo zinateleza na yeye ndiye anayejua ukuta upi umelegea.

Sababu nyingine inayonifanya niipende Ifugao ni ya kibasi kabisa: hurudii barabara. Kutoka Banaue kuna magari ya Bontoc, safari ya kama saa mbili. Juu ya Bontoc kuna matuta ya Maligcong, yana kuta za mawe na watalii wachache. Kutoka Bontoc unafika Sagada, kwenye majeneza yaliyotundikwa kwenye miamba, kisha unapanda basi la Baguio kupitia barabara ya Halsema inayopita zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, katikati ya ukungu na mashamba ya kabichi kiasi cha kudhani uko Lushoto. Baguio hadi Manila ni mabasi mchana na usiku. Hungduan, pamoja na kijiji chake cha Hapao, ni ya mtu mwenye siku mbili za ziada.

Yuanyang: maji

Kama unachotaka ni kusimama mahali pamoja na kuona kitu ambacho akili inakataa, Yuanyang haina mpinzani. Matuta ya Wahani, kabila la wakulima wa huko, yaliandikwa urithi wa dunia mwaka 2013. Eneo lenyewe ni hekta 16,603, vijiji 82, na kazi hiyo imefanywa kwa miaka 1,300. Mpangilio wa mlima ni uleule kila mahali: msitu juu kabisa, kijiji chini ya msitu, majaruba chini ya kijiji, na mto bondeni. Maji yanatoka msituni, yanapita kijijini, yanabeba samadi ya ng'ombe na nyati, yanaingia kwenye jaruba la kwanza, la pili, la mia moja, mpaka mtoni. Ndani ya majaruba hayo wanafuga samaki na bata, na mpunga wao hutoa mchele mwekundu.

Usiache kutafuta kigogo. Pale mfereji mkubwa unapogawanyika utakuta gogo limelazwa kukata maji, nalo limechongwa mapengo, moja pana, jingine jembamba. Kila pengo ni haki ya shamba fulani, na upana wake hupimwa kwa vidole. Niliinama nikatazama maji yakipita kwenye mapengo matatu kwa kishindo tofauti, la pana likinguruma na lile jembamba likitoa sauti ya mtu anayemimina chai. Mchaga akiliona gogo lile atalielewa mara moja, kwa sababu mfongo, ule mfereji wa Kichaga wa kumwagilia, nao una zamu zake na wazee wake. Sisi wa Mbarali tumegombana sana kwa sababu ya maji. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa sehemu ya kutazamia jua.

Sehemu za kutazamia jua zenyewe ni Duoyishu alfajiri na Laohuzui machweo, na Bada iko kati yao. Hapa niseme wazi upungufu wa Yuanyang: umejengewa majukwaa na una kiingilio, na asubuhi utapanga bega kwa bega na wapiga picha waliofika tangu saa kumi usiku. Zaidi ya hayo, ukungu hauna miadi. Unaweza kukaa siku mbili usione hata jaruba moja. Panga siku tatu kamili, na ukungu ukishuka shuka nawe, tembea kutoka kijiji hadi kijiji.

Basi kutoka Kunming, mji mkuu wa mkoa wa Yunnan, huchukua kama saa sita au saba. Njia nyingine ni treni hadi Jianshui halafu basi. Kuna mtego mmoja ulionipata mimi. Makao makuu ya wilaya yalihamishiwa Nansha, chini bondeni kwenye joto, na mabasi mengi yaliyoandikwa Yuanyang huishia hapo. Matuta yako juu, upande wa mji wa zamani uitwao Xinjie. Kondakta alinishusha Nansha usiku bila neno, basi likaondoka, nikalala nyumba ya wageni ya stendi nikisubiri kupambazuke. Ukikata tiketi, andika jina la Xinjie kwa herufi za Kichina kwenye simu na ulionyeshe dirishani. Kutoka Xinjie kuna mabasi madogo ya kwenda Duoyishu.

Mu Cang Chai: wiki tatu za Septemba

Hapa sitakawia, kwa sababu uchaguzi wenyewe ni mwepesi: au unafika kwa wakati, au usiende. Ni nchi ya Wahmong. Matuta yake makubwa yako katika maeneo ya La Pan Tan, Che Cu Nha na De Xu Phinh, na serikali ya Vietnam iliyatambua kuwa urithi wa taifa mwaka 2007, kisha ikayapandisha hadhi mwaka 2019. Basi kutoka kituo cha My Dinh mjini Hanoi hupita bonde la Tu Le, linalosifika kwa mchele wake wa kunata, halafu hupanda mlima wa Khau Pha. Kaa dirishani. Mavuno yakiwa tayari, kipande hicho cha barabara pekee kinarudisha nauli.

Tatizo la msafiri wa basi ni kwamba barabara kuu iko bondeni na matuta yako juu. Lazima uchukue bodaboda, na njia ya kupanda kwenye kile kilima cha mviringo cha La Pan Tan ni nyembamba na yenye mwinuko mkali, ambayo waendeshaji wa kijijini wanaijua na mgeni asijaribu kuendesha mwenyewe. Mwisho wa wiki watu wa Hanoi hujaa, kwa hiyo fika Jumatatu uondoke Alhamisi. Fuatilia pia habari za hali ya hewa, kwa sababu Septemba ni mwezi wa vimbunga: mwaka 2024 kimbunga Yagi kilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu wengi katika milima hiyo ya kaskazini.

Pasipoti, simu na sahani

Kwa Mtanzania au Mkenya, Ufilipino ndiyo rahisi kuliko zote: unaingia bila visa kwa siku 30 ukiwa na tiketi ya kurudi na pasipoti yenye muda wa kutosha. Vietnam inatoa visa kwa njia ya mtandao ya hadi siku 90 kwa nchi zote tangu Agosti 2023. China ni ubalozini, kwa hiyo anza mapema. Masharti hubadilika, hakikisha kabla ya kulipa tiketi.

Ifugao Kiingereza kinatosha mpaka kijijini, na hilo linabadilisha safari nzima, kwa sababu unaweza kumuuliza mkulima swali na kuelewa jibu lake. Yuanyang na Mu Cang Chai utategemea programu ya kutafsiri. Ukiwa China WhatsApp na Google hazifunguki kwa mtandao wa kawaida, waage nyumbani mapema wasije wakapata hofu. Malipo huko ni kwa Alipay, iunganishe na kadi yako kabla ya kuondoka. Ifugao ni kinyume: beba fedha taslimu kutoka Manila, maana Batad hakuna mashine ya kutolea pesa.

Kwa ndugu zangu Waislamu, nguruwe ni chakula cha kila siku sehemu zote tatu, na mafuta yake hupikiwa hata mboga. Hapo Yuanyang ina nafuu ambayo wengi hawaijui. Mkoa wa Yunnan una Waislamu wa kabila la Wahui tangu karne nyingi, na mji wao wa Shadian, wenye msikiti mkubwa, uko katika eneo la Honghe, ambamo Yuanyang nayo imo. Mighahawa yao ya tambi na nyama ya ng'ombe ipo katika miji ya njiani. Ifugao na Mu Cang Chai, ule wali, mayai ya kuchemsha na matunda, na uombe sufuria safi.

Mwenye wiki mbili na visa mbili anaweza kuunganisha. Kutoka Yuanyang kuna basi la kwenda mpaka wa Hekou, unavuka kwa miguu hadi Lao Cai upande wa Vietnam, na saa moja baadaye uko Sapa. Muda mwingi unafuata bonde la mto mmoja, ule Mto Mwekundu unaopokea maji yote ya majaruba ya Wahani na kuyapeleka hadi Hanoi.

Mimi nikiambiwa nichague moja ya kurudia, ni Batad, mwezi Mei, siku nne, na safari hii nitakwenda na baba. Ana miaka sabini na moja na magoti yake si mabaya, ila kule kupanda kutoka kijijini hadi barabarani tutakugawa mara tatu, tutoke mapema kabla jua halijakaza. Tiketi za kurudi Manila nitazikata asubuhi ileile tutakayoshuka Banaue, kabla hata ya chai, kwa sababu mabasi huondoka jioni na siti za mbele, ambazo mzee anaweza kunyoosha miguu, huisha kwanza.